Nimefyatua tofali ndani ya kompyuta

Leo nimefyatua tofali ndani ya kompyuta, na mashahidi ninao!

Wifi yangu amekuja Kakuma kutoka Lodwar kumchukua binti yangu Akiru, anayejifunza kuandika programu, akamsaidie dukani kwake, eti kompyuta ni mchezo.

Nikamwambia, "Keti kwanza uone msichana akijenga ukuta."

Na majirani nikaita. Mnanijua.

Akiru akabonyeza.

Kioo cheupe. Hakuna kitu.

Wifi akacheka. "Huu ukuta ni wa upepo?"

Jamani, aibu! Nikamuuliza mtoto polepole, "Umeandika nini?"

"Mama, nimeeleza mstatili ukoje. Upana, urefu, rangi."

"Hicho ni kibao cha kufyatulia tu. Tofali lenyewe umefyatua?"

Akanitazama, kisha akajipiga paji la uso.

Mimi kazi yangu ni matofali. Kibao usipokijaza udongo hakijengi hata choo!

Akaongeza mstari mmoja, wa kuunda mstatili wenyewe. Tofali jekundu hilo! Akarudia, akarudia, ukuta ukapanda.

Wifi amerudi Lodwar peke yake. Akipanda gari akasema, "Ejok, ni vizuri. Lakini hiyo akili mtoto ametoa kwetu."

Haya, semeni nyinyi. Ni ya kwao hiyo?