Perege wa Kijito cha Bibi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa watu. Mwaka juzi nilichimba bwawa la sato hatua chache tu kutoka kijito cha nyuma ya nyumba yetu, hapa Mapinga, kwa sababu mbili: uvivu wa kubeba maji, na wivu. Jirani yangu alikuwa na bwawa lake kule juu, sato wamenona kama mito ya kochi, na kila mgeni aliyepita getini kwangu alikuwa anakwenda kuwatazama wa kwake. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, nikivuka geti nimesafiri. Macho ndiyo hayakai ndani.

Wivu wenyewe ni wa zamani. Tulipokuwa wadogo, bibi yangu alitega migono, ile mitego ya kusuka, katika kijito hicho hicho, kuvua perege, samaki wake wa asili. Asubuhi tulishuka naye, mimi na jirani huyo huyo, umande ukitulowesha hadi magotini. Bibi hakumtia perege kapuni kabla hajafunguliwa kinywa, maana perege jike hulea watoto wake mdomoni. Akikutwa nao, alirudishwa majini. "Mwenye watoto akalee," bibi alisema kila mara, kana kwamba samaki anasubiri ruhusa yake. Na kazi ya kufungua vinywa alipewa nani? Jirani. Eti ana vidole vyepesi. Mimi, mjukuu wa damu, nikapewa kuparua magamba. Nilinuna mpaka perege wa nazi alipoanza kunukia ndimu na bizari jikoni. Wivu wangu haujawahi kulishinda tumbo langu.

Basi, masika ya mwaka jana maji yakapanda, bwawa langu na kijito vikawa kitu kimoja. Nilisimama barazani na mwavuli, nikijifariji kwamba samaki ni samaki. Bwana samaki, afisa uvuvi wa kata, alipokuja akanieleza taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba, kwamba sato na perege huzaliana, na watoto wao huzaliana tena na perege waliobaki, hadi perege halisi anakwisha huku kijito kimejaa samaki.

Juzi nikatega mgono. Nilitaka binti yangu aonje, japo mara moja, perege wa bibi. Tukatoa samaki mkubwa, mapezi yana wekundu wa perege pembeni, mkiani ana mistari ya sato iliyofifia. Nikamfungua kinywa. Watoto walikuwamo, tele. Maisha yangu yote niliitamani kazi ile, na nilipoipata sikujua nimrudishe au nimtie kapuni.

Nikamwita jirani. Bwawa lake lina kingo zilizoinuka, halikumwaga hata samaki mmoja, na hata hilo nalionea wivu. Akamgeuza samaki kwa vidole vyake vile vile vyepesi, akanitazama.

"Ulitaka samaki kama wangu, shoga. Haya, unao. Wa bibi ndio umewamaliza."