Diski ya Marehemu

Kabla ya kugusa kompyuta yoyote, fundi hushika kwanza nondo za dirisha ili umeme wa mwilini umtoke, na kila mstari unaopita kwenye skrini huusoma kwa kunong'ona, kama anayefuatisha litania. Siku hiyo Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilikuwa imemgomea Apolinaria, mwenye nyumba, mara tatu kuingia, ndipo akamwita fundi. Kila ikifika kufuta diski, inakwama. Kompyuta Apolinaria aliiunda mwenyewe wiki hiyo, hapo Kipalapala, kila kifaa kipya isipokuwa diski.

"Dada, diski hii ilikuwa ya nani?" fundi aliuliza.

"Ya marehemu baba."

"Na maandishi yake umeyatoa?"

"Wewe futa tu."

Fundi alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akauzungusha kiganjani taratibu kama rozari. Kisha sauti yake, iliyonong'ona tangu asubuhi, ikatoka kamili:

"Shikamoo, mzee. Mwanao anaomba kukufuta."

Ndani ya kompyuta diski ikagonga mara mbili, polepole. Apolinaria akaganda. Hivyo ndivyo baba yake alivyogonga meza kwa kidole kila alipotaka kukataa jambo.

Fundi alirudi dirishani akashika nondo, na waya wa umeme ulikuwa bado umezungushwa kiganjani mwake.