Katekista Aliyeigiza Mzimu

Baba yangu, Yordani Mdoe, tulimzika wiki tatu zilizopita, kigangoni kwetu karibu na Hale. Kwenye mazishi walisema alikuwa mkata mkonge, kisha katekista kwa miaka mingi. Yote ni kweli. Hawakusema kwamba aliwahi kuwa mzimu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfanya mzimu, nimeona niandike mwenyewe kabla wengine hawajalisimulia jambo hili vibaya. Mungu amrehemu yeye, na mimi anivumilie.

Mwaka 1971 nilikuwa kidato cha tatu Korogwe, na nilijiona nina akili nyingi kuliko zilizokuwapo. Mwalimu wetu Mhina alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kamera ndogo ya sinema na mikanda miwili. Mmoja aliutumia kwenye harusi yake. Wa pili, wa dakika tatu, alitupa sisi wa chama cha maigizo tujifunzie wakati wa likizo. Dakika tatu hazitoshi sinema. Nikatangaza kwamba tutatengeneza mwanzo tu, mwanzo wa sinema ya kutisha, wa kuwakimbiza watu kabla hadithi haijaanza. Hadithi yenyewe ingetengenezwa na nani, hakuna aliyeniuliza, nami nilishukuru.

Tulipanga nyumbani kwetu, mimi na rafiki yangu Mwanaidi wa Makuyuni. Mzimu wetu alikuwa nyapara wa shamba la mkonge aliyekufa kabla ya Uhuru, na hakuna aliyempelekea habari za huo Uhuru. Anafufuka, anapuliza filimbi, anaita vibarua kazini. Ila kamera ilitaka jua kali, kwa hiyo marehemu alilazimika kutokea saa sita mchana.

"Mzimu gani anatoka saa ya ugali?" Mwanaidi aliuliza.

"Mzimu mwenye kazi."

Nilipanga kwanza tuone mkonge mtupu, milingoti yake ya maua imesimama kimya. Halafu viatu. Soksi ndefu. Filimbi. Kidole kinachonyooshwa. "Na uso uje mwisho kabisa," nilisema nikigonga meza, kama mtu aliyekwisha kutengeneza sinema kumi.

Mwanaidi ndiye angekuwa mzimu, amejifunga shuka jeupe. Mama yake, Bi Zamda, aliposikia alikuja mwenyewe.

"Shuka jeupe mwili mzima? Mwanangu hajafa! Nikifa mimi mtanivisha. Yeye hapana."

Baba alikuwa mlangoni akiziba pancha ya baiskeli. "Nyapara gani huyo anayevaa shuka?" akasema. "Mimi nilikaa chini ya mmoja ujana wangu wote. Namjua hata kwa mgongo. Na huyu wenu alibatizwa?"

"Sijui, baba."

"Mkurugenzi mzima hujui marehemu wako ni wa dini gani! Basi nitacheza mwenyewe, tujue."

Mama akaacha kupepeta mchele. "Baba Grasiana, wewe ni katekista."

"Nami nitasali kwanza."

Alisali kweli, katikati ya mkonge, akimwomba Mungu asione kwamba tunawadhihaki waliolala. Kisha akavaa kofia ya kuazima, akapandisha soksi, akawa mtu mwingine. Alitembea ametanguliza tumbo ambalo hakuwa nalo. Akapuliza filimbi, akanyoosha kidole na kuanza kuita majina. Nilimwambia kamera haisikii. Aliendelea. Yalikuwa majina ya watu aliokata nao mkonge, na wengine wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kamera haikusikia, lakini wanawake waliokuwa wakipita na kuni walisikia. Walitupa mizigo na kukimbia. Kabla jua halijatua, Mzee Bernardo, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, alikuwa na habari kwamba katekista ameonekana shambani akiita wafu kwa majina.

Baba aliitwa mbele ya halmashauri. Alipofungua kinywa, Mzee Bernardo alimkatiza. "Nyamaza, Mzee Yordani. Wanawake wanasema ni wewe, wengine wanasema ni nyapara mwenyewe. Mtoto amepiga picha. Tutaona kwenye picha. Mpaka hapo, usifundishe."

Mkanda ulipelekwa ng'ambo kusafishwa, na miezi ikapita. Kila Jumamosi baba aliendelea kupiga pasi shati lake la kufundishia, kisha akalivaa na kukaa nalo barazani. Watoto walifundishwa na Mzee Bernardo, wakaanza kuumwa tumbo kila Jumamosi. Nami nilimtuliza baba kwa maneno makubwa. Wakiona picha, nilisema, wataelewa kwamba hii ni sanaa.

Baada ya Pasaka, Mwalimu Mhina alileta mkanda na mashine yake. Umeme wa bwawa la Hale ulikuwa ukitupita juu ya vichwa kwenda mjini, kwa hiyo tuliazima ukumbi wa wafanyakazi wa bwawa, tukaziba madirisha kwa mablanketi. Halmashauri nzima ilikaa mbele. Mkonge ukaonekana, mzuri kabisa. Viatu. Soksi. Filimbi ikapanda juu, ikatoweka. Kidole kikanyooshwa. Kisha ukaja ule uso niliougongea meza, na haukuwapo. Palikuwa na kola, vifungo, na juu yake mwisho wa picha.

Kamera ile ilikuwa na kitundu cha kuchungulia kando ya lenzi, na ukisogea karibu, unachokiona sicho kinachopigwa. Mwalimu Mhina alikuwa ametufundisha hilo. Siku ile ya kupiga picha nilikuwa nikifikiria nitavaa gauni gani sinema ikionyeshwa.

Mwenyekiti alikohoa. "Huyu hana kichwa."

"Hana," wajumbe wakakubali.

"Basi siwezi kusema ni Yordani. Mtu hahukumiwi kwa soksi. Shauri limekwisha."

Nilishusha pumzi. Baba akasimama.

"Ni mimi," alisema.

"Mzee Yordani, kaa chini. Umeshapona."

"Ni mimi, mwenyekiti. Nikikaa kimya hapa, Jumamosi nitawaambia nini watoto kuhusu kusema kweli? Niliigiza. Sikumwita mfu yeyote aje. Niliwataja wenzangu kwa sababu nyapara aliwataja hivyo kila asubuhi, nami sijawasahau."

Kisha Mzee Fransisko, mkata mkonge wa zamani, akacheka kutoka nyuma. "Mwenyekiti, mimi nilimjua nyapara wetu palepale kwenye kidole! Hebu warudishe picha tena."

Warudishe? Walirudisha mpaka mashine ikapata moto. Sinema yangu ya kutisha iliwavunja mbavu wazee wa kigango, na Mzee Bernardo alifuta machozi kwa kofia yake. Alipomaliza alimpa baba ufunguo wa chumba cha mafundisho. "Anza na amri ya nane, ile ya kutosema uongo," akasema. "Na watoto uwachukue wote, tafadhali. Hata wale wa tumbo."

Tulirudi kwa miguu. Baba alikuwa na ufunguo mkononi, hakuutia mfukoni. Tulipokaribia nyumbani aliniuliza, "Grasiana mwanangu, uso wangu ulikukosea nini?"

Nilianza kumweleza habari za lenzi. Alinisikiliza mpaka mlangoni, kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha katekisimu kwa watoto wengi.