Kiganja cha Bibi Ukutani

Miaka ya sabini baba alikuwa akisaga mihogo ya watu pale Kasulu kwa injini ya dizeli, na zege lililoibeba injini hiyo liliungana na msingi wa nyumba yetu. Injini ikiwaka, kitanda cha bibi kilitetemeka. Bibi, mama yake baba, alikuwa kiziwi na mgonjwa, na baba hakuvumilia kuona maji yakimmwagikia kutoka kikombeni. Akalivunja zege. Akamwaga jingine zito, likae peke yake, akalizungushia mfereji wa mchanga, na chini ya injini akaweka vipande vya tairi kuukuu. Majirani wakamcheka kwamba anaivisha mashine viatu vya katambuga. Wacheke tu, si wao waliomuuguza bibi.

Siku ya kuiwasha nilikuwa chumbani na bibi. Maji kikombeni yalitulia tuli, nikafurahi. Bibi akaweka kiganja ukutani, akasubiri. Akakisogeza, akasubiri tena. Kisha akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

“Mwanangu yuko wapi? Mbona simsikii leo?”

Nikamwita baba. Akaja na unga hadi kwenye nyusi, akauchukua mkono ule, akauweka kifuani pake.