Siku Misumari Alipomsemea Mama Uzi

Fundi makochi huyu walimwita Misumari, na jina hilo hakupewa kwa ukali. Alipewa kwa sababu tangu asubuhi hadi jioni mdomo wake ulijaa vijisumari. Wenzake walishahamia kwenye bunduki ya pini, yeye akakataa, akisema chombo kinachofyatuka chenyewe si cha kuaminiwa. Basi alikuwa akitema msumari kwenye ncha ya nyundo yenye sumaku, anagonga, anatema mwingine, na ukimuuliza jambo anakujibu kwa pua. Watu wakaona ni mazoea ya kazi. Kumbe bwana mkubwa alikuwa amejipatia maficho. Mtu mwenye misumari mdomoni, nani atamwomba hotuba?

Maana kusema mbele za watu kulikuwa kunamtoa jasho la nyayo. Siku ya harusi yake mwenyewe aliambiwa aseme neno. Akasimama, akawatazama wakwe, akasema, "Poleni sana," akakaa. Mpaka leo upande wa mke wanajadili alikusudia nini. Ningekuwepo ningemwokoa, kwa kuwa mimi ukinipa nafasi ya kusema itabidi unizimie taa, lakini kwa sababu wanazozijua wenyewe hawakunialika.

Tena Misumari alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa uchangamfu, anajiuliza unataka kuazima nini. Akiletewa chai iliyokolea sukari, anaitazama kwanza, anajiuliza kwa nini leo. Kofia yake aliining'iniza pale anapoweza kuiona, ingawa hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeiiba.

Karakana yao ilikuwa na desturi yake. Mfanyakazi akituhumiwa, haruhusiwi kujitetea. Desturi hiyo aliiweka marehemu baba yake tajiri wa sasa, alipochoka na watu wa kulia na watu wa kutukana. Mtuhumiwa anachagua mwenzake amsemee mbele ya karakana nzima, na msemaji akishamaliza, tajiri anakata shauri hapohapo.

Sasa, jora la mahameli ya kijani likapotea stoo. Katikati ya kulitafuta, msimamizi akaenda kumjulia hali Mama Uzi, mshonaji, aliyekuwa amelala na mafua. Sebuleni akakuta mto wa mahameli ya kijani ileile. Alikunywa maji aliyokaribishwa, akasema ugua pole, akarudi kazini na maneno yake. Mama Uzi alipopona, alikuta ameshakuwa mwizi. Alikuwa mjane, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikiendesha nyumba. Akifukuzwa kwa jina la wizi, hakuna karakana nyingine ambayo ingemfungulia mlango.

Akaambiwa achague wa kumsemea. Watu wakajiweka sawa, hasa mkata sponji, ambaye maneno humtoka kama maji kwenye bomba bovu. Mama Uzi akanyoosha mkasi wake, ukapita kifua cha mkata sponji, ukasimama kwa Misumari.

"Huyu," akasema.

Misumari nusura ameze msumari. Msimamizi akatabasamu, akasema mama amechagua vizuri sana, kikao ni Ijumaa. Tabasamu lile lilimkaa Misumari rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Huyu anafurahia nini? Anajua sitaweza kusema? Au mama ameiba kweli, anatafuta bubu wa kumsingizia kwamba alimtetea vibaya? Au wote wawili wanadhani jora nimechukua mimi, wananitega niropoke? Siku hiyo aligonga kidole gumba, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nyumbani hakupumzika. Mkewe alikuwa msusi, na kwa wasusi habari hufika kabla ya mwenye habari.

"Kati ya wanaume wote wa pale, Baba Mapacha, kakuchagua wewe?"

"Hata mimi nashangaa."

"Usishangae. Nijibu."

Mtu anayeshangaa mbele ya mkewe ana hatia tayari. Alihojiwa kuhusu Mama Uzi, umri wake, sauti yake, kiti chake kiko umbali gani na benchi lake. Mama wa watu ana wajukuu, lakini hilo halikusaidia. Mwishowe mke akamhurumia, akampa siri ya kazi yake: asiwatazame watu usoni, atazame nywele. Yeye huongea na vichwa kutwa nzima na hakuna anayemtisha. Misumari akashukuru, kisha akalala akijiuliza kwa nini mkewe amebadilika haraka hivyo.

Akaanza mazoezi. Wengine wakienda kula, yeye alipanga mifupa ya makochi yaliyovuliwa vitambaa, akaihutubia. Akiwa na misumari mdomoni, maneno yalitiririka ajabu. Akiitema, ulimi unakauka na makochi yanaanza kumtazama. Siku moja alikuta msimamizi amesimama mlangoni, bado anatabasamu, akasema, "Endelea, endelea, usinijali."

Alhamisi akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa Mama Uzi, na hata kuketi hakutaka.

"Dada, mkata sponji anakupenda na maneno anayo. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ananipenda. Tajiri atasema huyu anamtetea rafiki yake," Mama Uzi akajibu. "Wewe, mdogo wangu, humwamini mtu. Hata kofia yako mwenyewe huiamini. Mtu kama wewe akisema sikuiba, nani atabisha?"

"Lakini mimi nakushuku."

"Najua. Ndiyo maana mto uko palepale. Ukague."

Wewe na mimi tungeona haya, tungesema hapana dada, neno lako linatosha. Misumari aliubeba mto mpaka dirishani. Aliugeuza, akaufungua zipu, akautoa sponji, akapitisha kidole mshono kwa mshono. Aliomba kuchungulia chini ya kitanda, akaruhusiwa. Akafungua kabati la vyombo. Mama Uzi alikaa akimenya viazi. Misumari alipotoka alikuwa na jambo la kusema, ila hakuwa na mdomo wa kulisemea.

Ijumaa tajiri akaketi mbele, karakana nzima ikajipanga, Mama Uzi pembeni ameshika mikono yake. Misumari akasimama. Akakumbuka nywele. Akaanza na za mkata sponji, vizuri. Akaenda kwenye kilemba cha mpokea wateja, si vibaya. Akafika kwa tajiri, na tajiri hakuwa na unywele hata wa dawa. Macho yakateleza kwenye kipara yakashuka mpaka usoni, na uso ulikuwa unasubiri.

Mtu akakohoa. Misumari akafungua mdomo, ukatoka upepo. Mama Uzi akainamisha kichwa.

Ndipo msimamizi, kwa sauti ya mtu mwenye huruma nyingi, akasema, "Tajiri, tusimtese. Nadhani ameshamaliza."

Ungekuwa umekaa karibu ungeona masikio ya Misumari yakisimama. Kwa nini ana haraka?

"Sijaanza," Misumari akasema. Sauti ikatoka, mbovu kidogo, lakini ikatoka. "Nataka kusema kwamba huyu mama nilimshuku."

Karakana ikashtuka. Mama Uzi akainua uso.

"Nilimshuku sana. Nilisema mtu mwenye mafua siku hiyohiyo jora linapotea, mafua gani hayo? Nikaenda kwake. Nikakagua chini ya kitanda, nikakuta viatu. Nikakagua kabati, nikakuta vyombo, viwili vimepasuka. Halafu nikakagua mto. Jamani, ule mto ni mbaya."

Watu wakacheka, na kile kicheko, badala ya kumwua, kikampa pumzi. Akaeleza. Mto umeungwa kwa vipande vyembamba kama vidole, yale mabaki yanayofagiliwa chini ya cherehani, ambayo mshonaji yeyote pale anaruhusiwa kuyachukua. Vingine manyoya yamelala juu, vingine chini, mto mzima una mabaka kama ng'ombe.

"Sasa nawauliza. Mtu ameiba jora zima, mita na mita, anakaa anaunga vipande? Ili iweje? Mimi nimetafuta sababu ya kuendelea kumshuku, nimekosa. Na mnanijua, sikosi kirahisi."

Hakuna aliyebisha. Wanamjua. Tajiri akamgeukia msimamizi, akamuuliza kama aliushika ule mto. Msimamizi akasema aliuona. Kuushika? Hapana, aliuona tu, kutoka alipokaa. Tajiri akajipapasa kipara, akasema Mama Uzi arudi kwenye cherehani yake, na asisikie tena neno mwizi likitajwa pamoja na jina lake. Ufunguo wa stoo, akaongeza huku akimnyooshea msimamizi mkono aukabidhi, kuanzia leo atakaa nao tajiri mwenyewe.

Watu wakapiga makofi. Kikao kilikuwa kimekwisha, isipokuwa msemaji hakuwa na habari. Alikuwa bado amesimama, kidole hewani.

"Jambo la pili," akasema. "Huo ufunguo, kabla ya leo, ulikuwa unalala wapi? Na tajiri, samahani, wewe mwenyewe siku jora lilipopotea ulikuja mapema, jambo ambalo si kawaida yako. Tena kuna mlinzi. Tena kuna mkata sponji, mbona leo haongei?"

Tajiri alikunja uso. Mkata sponji akaanza kutafuta mlango. Mama Uzi akanyoosha mkono, akamvuta Misumari shati kwa nyuma, taratibu.

"Kaa, mdogo wangu," akamnong'oneza. "Nimeshapona. Ukiendelea utanirudisha kitandani."

Misumari akakaa. Ila alimtazama kwa pembe ya jicho kwa muda mrefu, akijiuliza kwa nini anamharakisha.