Dawa Isiyopatana na Sabuni

Baada ya kufunga duka langu la dawa za mifugo pale Utemini, nilikuwa nasoma kwenye simu jinsi neva inavyopitisha taarifa. Shule niliishia kidato cha nne, kwa hiyo kila ukurasa niliusoma mara tatu, daftari pembeni. Nilikuwa nimefika kwenye milango ya potasiamu, vitundu vya utando wa seli ambavyo potasiamu hupitia kutoka nje ili neva itulie. Watafiti waliichunguza kwenye neva za ngisi, kwa kuiziba. Vizibo vyao vilikuwa kemikali za jamii ya amonia, zenye nitrojeni moja, matawi manne ya kaboni na chaji chanya isiyoondoka. Waliporefusha tawi moja, kizibo kilishika zaidi, na hivyo walijua umbo la ndani ya mlango bila kuuona.

Jina la jamii hiyo nililijua. Lilikuwa kwenye lebo ya dawa ya kusafishia mabanda niliyompelekea dada yangu Kinampanda wiki iliyopita.

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulikuwa umemmalizia kuku wake. Walibaki kumi na mmoja, wamechanjwa kwa kuchelewa, wakisubiri banda safi. Dawa haikutoa povu, na kwetu kisichotoa povu hakisafishi. Mimi mwenyewe nilitia sabuni ya unga, vijiko viwili.

Nilisoma lebo upya. Usichanganye na sabuni. Sasa nilielewa sababu: sabuni ina chaji hasi, zikikutana zinashikana, na dawa inabaki maji.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwake.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Jana wamekufa wanne. Wawili wanasinzia.”

Nilimweleza kosa langu.

“Umesoma wapi?”

“Kwenye habari za neva.”

“Za kuku?”

“Za ngisi. Mnyama wa baharini.”

“Kuku wangu wanakufa, mdogo wangu, wewe uko baharini.”

Tuliwatoa kuku, tukasugua banda kwa sabuni, tukasuuza mara tatu, tukasubiri likauke. Kisha tukapaka dawa peke yake. Mgongo uliniuma. Jioni tuliingiza watano. Wawili wenye usingizi tuliwatenga chini ya tenga.

Dada aliniuliza, kwa sauti iliyochoka kama yangu, kama safari hii nina hakika.

Nikamwambia nina hakika na dawa. Na kuku, hapana.