Mie Sisonyi Mtu

Nimemsonya mwalimu mkuu mbele ya shule nzima. Nimemsonya ustadhi wa madrasa katikati ya dua. Nimewasonya wafiwa msibani, na bibi mzaa mama siku aliyoniletea gauni jipya la Idi. Wallahi hakuna hata mmoja niliyemkusudia. Ulikuwa unatoka wenyewe, hewa inavutwa katikati ya meno, mfyuuu, na nyie mnajua msonyo ni nini kwetu. Ukimtukana mtu anaweza kukusamehe. Lakini umwamkie shikamoo halafu umsonye? Huyo atakutangaza mtaa mzima.

Mtaa wenyewe ni Temeke, nyumba ya wapangaji wengi na uwanja mmoja. Baba alishafariki, mama alikuwa anashona nguo barazani, na kila nikisonya yeye ndiye aliyekuwa anaomba radhi. "Samahani dada, ana mafua." "Samahani kaka, jino linamsumbua." Mafua ya mwaka mzima! Ile ya jino aliisema mpaka akaiamini mwenyewe, akanipeleka kung'olewa gego. Gego zima, halina hata doa. Nikatoka pale na pamba mdomoni, na kabla hatujafika getini nikasonya.

Ilianzaga na macho, nikiwa darasa la pili, kupepesa kupepesa. Ikaja shingo, naitupa pembeni ghafla. Mwisho ikaja sauti, ikakaa. Kuna miezi ilikuwa inapungua, mama anashukuru Mungu, halafu inarudi na nguvu mpya, naambiwa nimejitakia. Nimekunywa kombe mie, nimesomewa, nimefukizwa. Wengine walisema nina jini, wengine walisema mama yangu hakunifunda. Waliosema jini niliwapenda zaidi, maana jini halilelewi na mama.

Nilipokua nikapata kazi ya kufungasha biskuti kwenye kiwanda huko Mikocheni. Wenzangu walikuwa wanalalamika makelele ya mashine, mie nilikuwa nayapenda hayo makelele kufa. Nasonya nitakavyo, hanisikii mtu. Siku moja umeme ukakatika, mashine zote zikanyamaza kwa pamoja, na kwenye ule ukimya ukasikika msonyo wangu, mrefu, wa kushiba. Watu wakapasuka kwa kicheko. Walidhani nausonya umeme. Ndiyo mara pekee maishani nilisonya nikapigiwa makofi.

Fundi wa mashine alicheka na wenzake, lakini baadaye akanifuata. "Sista, mbona na juzi nimekuona unafanya hivyo na umeme upo? Unaumwa?" Nikamjibu ovyo, mambo yangu yanamhusu nini. Hakuondoka. Basi, mazungumzo yakawa mazoea, mazoea yakawa mapenzi, na mwaka haukuisha akataka kunioa.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mama yake, anayekaa Ukonga, alikuwa lazima aje kuniona, na kwao neno la mama ndilo la mwisho. Mwenyewe aliniambia bila kunificha, "Mama dharau haivumilii. Mchumba wa kwanza wa kaka alimkataa kwa kubinua mdomo tu."

Kubinua mdomo! Sasa mie?

Nikalia siku ile kama mtu aliyeshaachwa. Yeye akasubiri nimalize, akasema, "Twende hospitali. Huu ni ugonjwa, si tabia." Nikaenda ili anyamaze tu, sikuwa na imani.

Tulizungushwa dirisha hadi dirisha, mwisho tukafikishwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, binti mdogo tu. Nilipomsalimia nikamsonya hapo hapo. Hakushtuka. Akavuta kiti karibu akaniuliza, "Kabla hujasonya, unasikia nini?"

Jamani. Miaka yote watu walikuwa wananiuliza kwa nini nafanya hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nasikia nini. Nikamwambia kuna muwasho unakuja nyuma ya meno, haukuniki, unakua, unakua, nikisonya unakatika, halafu unaanza upya. Kuuzuia naweza kwa muda, mfano kwenye swala, lakini baadaye misonyo inatoka yote kwa mkupuo. Nilikuwa naongea huku machozi yananitoka, najua sasa ataniona chizi. Akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo wenzako wote wanavyonieleza."

Wenzangu! Kumbe nilikuwa na wenzangu.

Akanifafanulia kwamba hizi zinaitwa tiki. Ubongo unautuma mwili kufanya kitu, au kutoa sauti, bila mwenyewe kupanga. Zinaanza utotoni, zinapanda na kushuka, zinazidi mtu akiwa na hofu au uchovu, na wengi zinawapungua wakishakua. Mtu mwenye za mwili na za sauti, zikaenda zaidi ya mwaka, kama mie, huo ndio ugonjwa wa Tourette. Si kichaa, hauambukizi, na si ukosefu wa adabu. Dawa zipo, lakini zina maudhi yake, kwa hiyo tungeanza na mazoezi. Muwasho ukija, nifunge midomo, nivute hewa kwa pua taratibu na kuitoa taratibu mpaka upite. Kinywa kikifungwa hivyo hakina nafasi ya kusonya. Akaongeza kitu kingine: waambie watu. Hofu ya kugundulika ndiyo inayoupa nguvu.

Safari iliyofuata nikaenda na mama. Alisikiliza yote, mikono imekunjwa mapajani, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sikukosea kumlea?"

"Hukukosea, mama," daktari akamjibu. "Hata kidogo."

Mama akamsogelea. "Na lile gego?" Daktari akacheka, mie nikacheka, mama hakucheka. Alinuna mpaka tunafika nyumbani, anamdai mtu gego. Lakini usoni alikuwa amepungua miaka. Mie nami nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Nikafanya mazoezi kwa bidii. Msonyo ulipungua, haukuisha. Siku ya ugeni ilipokaribia nikamwambia mama tumweleze mkwe mapema. Weee! "Kwa mkwe hatusemi," akasema. "Utatoka, utamwamkia, utarudi jikoni. Mengine baada ya ndoa." Na mwari anayeonwa na mkwe haongei ovyo, anainamisha uso basi. Ningefanyaje?

Mgeni alikuja alasiri, mwanamke mnene wa miwani, na macho yake hayakuacha kitu pale sebuleni. Nikatoka nimejifunika, nikapiga goti, nikaushika mkono wake. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Muwasho ukaja. Nikafunga midomo, nikavuta hewa, nikaitoa. Ukapita! Furaha niliyoisikia hapo sijui niielezeje. Nikanyanyuka kwenda zangu jikoni, lakini mkono wangu haukuachiwa.

"Kaa hapa nikuone vizuri. Unaweza kupika nini?"

Swali linataka jibu, na zoezi linataka mdomo ufungwe, na muwasho huo umesharudi. Nikatazama chini, napumua kwa pua. Akaniuliza tena. Nikafungua mdomo, nikasema, "Wali wa..." Mfyuuuuu. Usoni kwake kabisa.

Mama alikuwa ameshika birika la chai. Nikamwona anafungua mdomo, nikajua sasa linakuja jino. Nikajisemea basi, kwishney, sina ndoa.

"Dada," mama akasema, "mwanangu hajakusonya. Ana ugonjwa wa Tourette, anao tangu mdogo. Unatoka wenyewe. Si jini, si jino, na si malezi. Huyu mie nimemlea vizuri."

Mgeni akarekebisha miwani. "Yaani hata akiwa na furaha anasonya?"

"Hata akiwa na furaha."

"Na akiwa peke yake?"

"Hata peke yangu, mama," nikasema mwenyewe, nikasonya tena.

Mgeni akanisogelea. Halafu akasema, "Mie mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinisonya tangu siku ya harusi mpaka siku tunamzika. Nikipika, nasonywa. Nikizaa, nasonywa. Na yule alikuwa mzima wa afya, anakusudia! Huyu asiyekusudia atanishinda nini? Haya, malizia. Wali wa nini?"

Mama akacheka. Sikuwahi kumsikia mama akicheka mbele ya wageni na mie nimo ndani. Siku zote alikuwa amekaa chonjo, ananisikilizia mie. Alicheka mpaka akaliweka birika chini, akajifuta macho kwa khanga, akaanza upya.

"Wa nazi, mama," nikajibu.